Nilikagua Injini, Sikumkagua Mwenye Gari

Mlioachana nami wiki iliyopita mliniacha nimesimama mbele ya kifusi, nimewaambia nitanunua gari. Kwa mgeni, nasema kwa kifupi: mume aliondoka na hakuaga, barabara ya Tafo ikapanuliwa, tingatinga likapita juu ya vinu vyangu vya kutwangia fufu ya muhogo, na baada ya miezi kumi na moja ya kupanda na kushuka ngazi za ofisi nikalipwa fidia ya mgahawa wangu. Fidia hiyo ndiyo ilikuwa mtaji wangu, akiba yangu na ada ya binti zangu wawili. Hakukuwa na nyingine nyuma yake.

Nina stashahada ya mambo ya hoteli, miaka mitatu darasani. Naitaja ili mjue kwamba yaliyonipata hayakumpata mtu asiyejua kusoma.

Msomaji mmoja kaniandikia akiuliza kwa nini mwanamke mwenye akili timamu anunue gari la kifahari lililotumika, badala ya kufungua mgahawa mwingine. Swali zuri. Kumasi watu wanaoana kila Jumamosi, na hakuna bibi harusi anayetaka kushuka kwenye teksi mbele ya kanisa. Anataka Benzi nyeusi yenye utepe mweupe kwenye boneti. Mwenye nayo anaikodisha Jumamosi, na Jumatatu halipii mkaa wala muhogo. Niliona biashara isiyohitaji kinu.

Nikamchukua Fundi Tuffour wa Suame. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Yeye aliacha shule akaingia chini ya magari, na hajatoka hadi leo.

Alinipa masharti. Tutakwenda asubuhi. Mwenye gari asiliwashe kabla hatujafika. Na mimi nifunge mdomo.

"Hilo la mwisho siliwezi," nikamwambia.

"Basi ongea, lakini usitabasamu. Ukitabasamu bei inapanda."

Gari la kwanza lilikuwa la rangi ya fedha, linang'aa kama kijiko kipya. Nilipofungua mlango, manukato yakanipiga usoni.

"Safi hili," nikasema.

"Mama Frema, gari linanukia kukushinda, na wewe umetoka kuoga sasa hivi. Wanaficha nini?"

Akaushika mkanda wa kiti cha dereva, akauvuta mpaka mwisho kabisa, ule urefu ambao hakuna mtu mwenye tumbo la kuuhitaji. Huko mwishoni palikuwa na alama ya kahawia, imenyooka kama mstari wa chai ndani ya kikombe.

"Hili lilizama kwenye mafuriko huko Amerika," akasema. "Maji yalifika hapa."

"Hilo ni vumbi tu, fundi," akasema muuzaji.

"Vumbi la wapi linajua kupiga mstari?" Akanyanyua zulia chini ya kiti. Bolti zote zilikuwa zimekula kutu. "Ndugu yangu, humo uza samaki. Makazi tayari wanayo."

"Unaniharibia soko."

"Soko lako liliharibika na mvua, si mimi."

Gari la pili lilikuwa na usukani upande wa kushoto, kama magari yetu yote. Tuffour hakuutazama usukani. Alizitazama wipa.

"Washa wipa," akaniambia. Nikawasha. "Zinamfutia nani kioo?"

Zilikuwa zinamfutia abiria. Gari lilitoka nchi wanakoendesha upande mwingine, usukani ukahamishwa uchochoroni na watu wenye nyundo.

"Mvua ikinyesha," akasema Tuffour, "abiria ataiona barabara vizuri sana. Wewe dereva utasimuliwa."

Hadi hapo nilikuwa mwanafunzi mwema. Nilikuwa na daftari. Niliandika kwamba kila kioo cha gari kina mwaka wake pembeni, na kimoja kikiwa na mwaka tofauti, uliza kile cha zamani kilivunjwa na nini. Niliandika kwamba ukiwasha swichi, taa ya mifuko ya hewa ya usalama lazima iwake kwanza, ndipo izime. Isipowaka kabisa, mtu ameikata waya ili usijue mifuko haipo. Niliandika kwamba gari lenye springi za hewa uliache limelala, asubuhi ulitazame kama limechuchumaa upande mmoja. Hayo nakupeni bure. Yote ni kweli, na hakuna hata moja lililonisaidia.

Gari la tatu lilikuwa Ahodwo, nyumbani kwa mwanamke aitwaye Birago. Nyumba ya ghorofa, ukuta mrefu. Rangi ya ukuta ilikuwa mpya kiasi kwamba nilivuta gauni langu nisiliguse. Viti vya plastiki vilikuwa vimebebanishwa kando ya uzio, safu kwa safu, mia mbili au zaidi. Nikawaza: watu wanaoitunza nyumba hivi watakuwa wamelitunza na gari.

Wasomaji wa kwetu mmeshajua. Nyamazeni, niwasimulie wengine.

Birago alifungua banda la gari kwa ufunguo aliokuwa ameuficha kifuani. Alivaa gauni la buluu lililokunjamana, kama lililotolewa chini ya sanduku. Umri wake ni kama wangu, hamsini kasoro.

"Mume wako yuko wapi?" nikauliza.

"Amelazwa Accra. Figo. Ndiyo maana tunauza."

"Pole, dada."

"Asante. Naomba mfanye haraka kidogo, nina safari."

Lilikuwepo, jeusi, kubwa, limetulia. Tuffour aliweka kiganja juu ya boneti. Baridi. Alipita kioo kwa kioo, mwaka mmoja wote. Alisoma tarehe kwenye matairi. Alikwaruza vichwa vya bolti za madigadi kwa ukucha ili aone kama zimewahi kufunguliwa, hazikuwahi. Alilala chini na tochi, nikalala kando yake na gauni langu, tukatazama namba ya chasisi, tukailinganisha na kadi. Buibui alikuwa amefuma kwenye gurudumu la nyuma.

"Gari halijatembea mwezi mzima," akasema Tuffour kutoka chini.

"Mume mgonjwa," akasema Birago kutoka juu.

Betri ilikuwa imechoka, tukaisaidia na ya Tuffour. Injini ikawaka mara moja. Taa zote za dashibodi zikawaka, zikahesabu pumzi mbili, zikazima kama zinavyotakiwa. Tuffour akalizungusha barabarani, akarudi akiwa ametulia kama mtu aliyekula akashiba.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Lina afya kuliko mimi."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika na chuma. Watu ni kazi yako."

Alisema hivyo, mbele yangu, na mimi nilikuwa natabasamu.

Birago alileta fomu ya kuhamisha umiliki. Sahihi ya mume ilikuwepo tayari, imetetemeka kidogo. Jina lake lilikuwepo: Kwadwo Amaniampong. Nafasi ya tarehe ilikuwa tupu.

Sasa ninakiri. Mimi sipendi fomu yenye nafasi tupu. Nilifundishwa chuoni kwamba fomu isiyojazwa ni kazi isiyofanywa. Nikatoa kalamu yangu kwenye mkoba, nikaandika tarehe ya siku ile, kwa mwandiko mzuri, tarakimu zimesimama wima. Birago aliutazama mkono wangu. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Nikamhesabia fedha za fidia, nikaondoka na gari.

Kwa siku tisa nilikuwa mtu. Nilipata bibi harusi wa kwanza, binti wa mwuza vitambaa pale Asafo, harusi wiki tatu mbele. Mama yake alikuja kulitazama gari, akalizunguka mara mbili, akaliombea. Majirani walianza kuniita "Madamu". Binti yangu mkubwa akalipiga picha akiwa ameegemea mlango, nikamwambia atoe kiwiko.

Siku ya kumi nilisimama kwenye taa za barabarani karibu na Suame. Kwenye basi dogo lililosimama kando yangu, watu walikuwa wananitazama. Kisha wakatazama ukuta ulio ng'ambo. Kisha mimi tena.

"Mama," mwanamke mmoja akaniita dirishani, "wewe ni wa familia?"

"Familia ipi?"

Akanionyesha ukuta kwa mdomo.

Lilikuwa tangazo la msiba, kubwa kama mlango. Mzee wa makamo, vazi la kente begani, ametabasamu, ameegemea Benzi nyeusi. Namba za gari zilisomeka vizuri. Nilikuwa nimekaa ndani yake.

Nilisoma mpaka taa ikageuka kijani na watu wakaanza kunipigia honi. Mzee Kwadwo Amaniampong. Amefariki. Mazishi Jumamosi ijayo, nyumbani kwake Ahodwo.

Hapo ndipo rangi mpya ya ukuta iliponijia. Mimi ni Mwasante, nimezaliwa Mampong, nimepaka rangi nyumba ya baba yangu kabla ya kumzika na ya shangazi yangu vilevile. Nani kwetu anapaka ukuta na kukodi viti mia mbili bila maiti? Nilipita katikati ya vitu hivyo vyote nikiwa na tochi, nikaenda kulala chini ya gari.

Nikageuza moja kwa moja hadi kwa Birago. Nililiacha gari mtaa wa pili, nikaenda kwa miguu. Safari hii alikuwa amevaa nyeusi tupu, nywele zimenyolewa.

"Alikufa lini?"

Hakujifanya haelewi. "Wiki tano kabla hujaja."

"Ukaniambia figo."

"Ilikuwa figo."

"Birago."

"Dada, alitia sahihi mwenyewe, kitandani, mkono wake. Aliniambia, uza kabla ndugu zangu hawajafika. Nikachelewa. Alikufa Alhamisi. Ijumaa walikuwa hapa, wakachukua jenereta, wakachukua friji, wakafunga chumba chake. Niliwaambia funguo za gari zimepotea. Siku uliyokuja wewe walikuwa wote kijijini kugawana gharama za mazishi. Nilikuwa na asubuhi moja tu."

"Sheria ya serikali iko upande wako. Mke na watoto wana haki."

"Iko upande wangu, ndiyo. Lakini haikai na mimi hapa uani. Hawa wanakaa."

Nilimuuliza fedha zangu. Ziko shuleni, akasema, watoto watatu, mpaka mwaka wa mwisho. Nilitaka kumpiga, na pia nilitaka kumkalisha chini nimpe maji. Sikufanya lolote.

"Umewaambia nani analo?"

Alitazama sakafu. "Walinikalisha kikao kutwa nzima, watu kumi na wanne. Nilitaja jina lako saa tisa."

Walikuja Jumapili, baada ya kanisa. Mkuu wa ukoo wa marehemu, Nana Nti, mzee mwembamba mwenye sauti ndogo, na wanaume wawili nyuma yake. Kwetu mali ya mwanamume hufuata ukoo wa mama yake, na huyo ndiye aliyekuwa mdomo wa ukoo. Jirani yangu Mama Pokuaa alikuwepo, tunachambua mchicha. Nikawapa viti, nikawapa maji, nikawauliza habari za safari kama inavyotakiwa.

"Hatukuja kwa ugomvi, mwanangu," akasema Nana Nti.

"Nafurahi, Nana. Maana mimi nilinunua. Nina karatasi."

"Tumeiona karatasi." Akatoa ndani ya vazi lake nakala iliyobaki kwa Birago, akaifungua juu ya goti taratibu. "Ndugu yetu alikuuzia gari tarehe kumi na nne."

"Ndiyo."

"Tarehe kumi na nne ndugu yetu alikuwa kwenye jokofu la hospitali. Alikuwa amelala humo wiki tano. Sasa tunajiuliza, aliinuka akaja kuuza gari, akarudi kulala?"

Wale wawili wakacheka kwa pua.

"Tarehe niliandika mimi, Nana. Sahihi ni yake."

"Najua. Mwandiko ni wa mtu aliyesoma." Akaikunja karatasi. "Polisi nao wamesoma. Lakini kwa nini tufike huko? Sisi tunazika Jumamosi. Watu wanatoka Accra, wanatoka London. Wamezoea kumwona ndugu yetu na gari lake. Tunaomba lisimame pale uani siku hiyo. Baada ya hapo hatuna maneno na wewe kuhusu tarehe."

"Siku moja?"

"Jumamosi."

"Jumapili asubuhi nitakuja kulichukua."

"Njoo," akasema Nana Nti.

Nilipumua. Niliona mlango wa kutokea. Mtu aliyekuwa anaelekea jela anaambiwa akopeshe gari siku moja, nani angekataa? Nilikwenda ndani nikaleta funguo. Akazipokea kwa mkono wa kulia, akampa mmoja wa wale wawili, kijana wa miaka thelathini na tano aitwaye Sarpong, mpwa wa marehemu, mtoto wa dada yake. Kisha Nana Nti akatoa kwenye mfuko chupa mbili za pombe kali, jin ya Kiholanzi, zile za kijani ndani ya boksi.

"Na hii ni shukrani yetu," akasema.

Moja ikafunguliwa palepale. Akadondosha tone chini kwa ajili ya waliotangulia, akajaza glasi ndogo, akanipa. Nikanywa. Mama Pokuaa akanywa. Wale wawili wakanywa. Nikawashukuru mimi tena, mnasikia? Nikawasindikiza hadi barabarani, nikapunga mkono gari langu lilipokuwa linaondoka.

Jumamosi nilivaa nyeusi na nyekundu, nikaenda na Tuffour. Nilitaka kuwa karibu na gari.

Watu walikuwa kama mia nane chini ya maturubai. Gari lilikuwa limesimama katikati ya uwanja, limeoshwa, lina kitambaa chekundu kwenye kioo cha mbele. Watu walipita kulipapasa na kulia. Bibi mmoja alilikumbatia boneti, akaligombeza gari kwa kumwacha mwenzake aende peke yake.

"Angalau limepata matanga," Tuffour akaninong'oneza. "Mimi nikifa nani atalia kwenye baiskeli yangu?"

"Nyamaza."

Birago alikuwa amekaa chini pamoja na wajane wa ukoo, hatazami popote.

Mtu akizikwa kwetu, rambirambi hazitolewi kimyakimya. Kuna meza, kuna karani, kuna stakabadhi, na kuna mtu mwenye kipaza sauti anayelitaja kila jina na kila kilichotolewa, ili aliyetoa asikike na asiyetoa ajijue. Tangu asubuhi alikuwa anataja. Fulani wa Bantama, fedha. Fulani wa Ejisu, fedha na kreti za vinywaji. Watu wanapiga makofi, bendi inagonga kidogo, anaendelea.

Nilikuwa namkosoa Tuffour jinsi alivyofunga vazi lake niliposikia jina langu kamili.

"Mama Frempomaa wa Tafo," kikasema kipaza sauti. "Simameni mumsikie huyu. Mama Frempomaa wa Tafo, kwa mapenzi aliyokuwa nayo kwa marehemu, ameirudishia familia gari. Gari moja, Benzi. Mpigieni makofi mama huyu."

Watu mia nane wakapiga makofi. Bendi ikapiga wimbo mzima.

"Kwa mapenzi gani?" Tuffour akauliza.

Kipaza sauti kikaendelea: ukoo umempokea mrithi, Sarpong, na ukoo unamkabidhi gari la mjomba wake mbele ya mashahidi wote. Sarpong akajitokeza na vazi jipya, shingo imenyooka, funguo zangu mkononi.

"Walinidanganya," nikasema. "Nilikopesha. Ilikuwa kukopesha siku moja."

"Ngoja." Tuffour alinishika kiwiko. "Walipokuja kwako, walileta pombe?"

"Chupa mbili."

"Wakasema ya nini?"

"Ya shukrani."

"Ukapokea mbele ya watu?"

"Mama Pokuaa alikuwepo."

"Ukainywa?"

"Nikainywa."

"Mama Frema. Gari unalikopesha kwa maneno tu. Pombe ya shukrani ni ya zawadi. Mtu akikupa kitu ndipo unampelekea pombe ya shukrani, anaipokea mbele ya mashahidi, na hapo imekwisha, hata mjukuu wake hawezi kukidai tena. Walikushukuru kwa zawadi ambayo hujaitoa, na wewe ukainywa."

Si kwamba alinifundisha. Hili ndilo ninaloona aibu kuliko yote, kuliko tarehe. Nilijua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipokaa kwenye kikao cha kiwanja cha mjomba wangu, nikaona chupa kama ileile ikiwekwa katikati, ikanywewa, na kesi ya miaka sita ikafa hapohapo. Hakuna Mwasante asiyeijua chupa hiyo. Lakini Jumapili ile Nana Nti aliniwekea karatasi mbele ya macho, nikaitazama karatasi, na mkono wangu ukapokea glasi peke yake.

Karani akaja hadi nilipokaa, akainama kwa adabu, akanipa stakabadhi. Iligongwa muhuri wa familia. *Imepokewa kwa shukrani kutoka kwa Bi. Frempomaa: gari moja.* Chini yake aliandika tarehe, tena tarehe sahihi kabisa.

Bibi wawili wakaja kunishika mkono. "Mungu akuongezee," akasema mmoja. "Siku hizi nani anarudisha?" akasema wa pili. Nikawashika mikono. Nilisema asante. Mdomo wangu ulikuwa unafanya kazi bila mimi.

"Kaa hivyohivyo," akasema Tuffour kwa sauti ya chini. "Ukipinga hapa watatoa ile fomu, na mkuu wa polisi wa wilaya amekaa pale mstari wa mbele anakula karanga. Turudi nyumbani. Tutafute mwanasheria Jumatatu."

"Nimlipe na nini?"

Akageuka kutazama gari.

Ng'ambo Sarpong alikuwa amefungua mlango wa dereva. Aliketi, akasogeza kiti nyuma kwa sababu ana miguu mirefu. Kiti kile nilikuwa nimekipima kwa ajili ya miguu yangu. Watu wakampisha njia kuelekea geti, wanapepea vitambaa. Akitoka nje ya geti lile, nilijua, silioni tena. Huko kijijini kwao kila mtu ni shahidi wao.

Sikumbuki nilivyosimama. Nakumbuka Tuffour ananivuta vazi, na vazi linamtoka mkononi. Nakumbuka napita kati ya viti, watu wananipisha huku wananipongeza. Nikafika mezani.

"Naomba hicho," nikamwambia mwenye kipaza sauti.

Akafurahi. "Mama mwenyewe huyu hapa," akawatangazia. "Anataka kutoa neno la rambirambi." Watu wakapiga makofi tena. Akanikabidhi.

Kilikuwa kizito kuliko nilivyodhani, na cha moto kutokana na mkono wake. Injini ikawaka nyuma yangu. Mnajua inavyowaka, niliwaeleza.

"Sarpong," nikasema, na sauti yangu ikatoka kwenye maspika manne, ikarudi kutoka kwenye ukuta mpya. "Zima gari."

Bendi ilikata katikati ya mpigo. Mkuu wa polisi wa wilaya aliacha kutafuna. Kati ya wajane, Birago aliinua kichwa kwa mara ya kwanza siku ile, akanitikisia: hapana, hapana.

Sarpong alimtazama mkuu wa ukoo. Nana Nti hakuinuka kwenye kiti. Aliinua kidole kimoja tu, na Sarpong akazima.

"Mwacheni aseme," akasema Nana Nti, kwa sauti ileile ndogo, na watu mia nane wakanyamaza kwa ajili yangu.

Nikafungua mdomo. Mimi, niliyeshindwa sharti la tatu la Tuffour, la kufunga mdomo, ambaye hata tingatinga nililitukana lilipokuwa linanijia, nilisimama pale na kipaza sauti mdomoni, na sikuwa hata na neno la kwanza.